Makosa ya Mkasi na Makosa ya Sindano

Katika kazi ya kushona makosa ni ya namna mbili. Kuna makosa ya sindano, na kuna makosa ya mkasi. Kosa la sindano hufumuliwa: uzi hukatwa, ukavutwa, kitambaa kikapigwa pasi, na kazi ikaanza tena kana kwamba hapakuwa na neno. Kosa la mkasi halifumuliki. Kitambaa kilichokatwa kifupi hakirefuki kwa kuvutwa wala kwa kuliliwa, na fedha iliyokinunua imekwisha kuingia katika kasha la mwenye duka. Ndiyo sababu fundi hodari huonekana amekaa kitambo kirefu mbele ya kitambaa kilichotandikwa, mkasi umelala kando, naye mkononi ana chaki tu. Mtoto apitaye hudhani ya kuwa fundi yule ni mvivu, kumbe ile ndiyo saa ya kazi iliyo ngumu kuliko zote.

Mathalani, msichana amekaa miezi mingi akiuza mayai ya kuku wake, hata akapata kununua yadi 3 za kitambaa chenye maua, nia yake ajishonee gauni la sikukuu. Hana kitambaa kingine, wala hatapata kingine mwaka huu. Nguo hiyo ya kwanza itakuwa na makosa, hilo halina shaka, kwa maana hapana aliyejifunza kushona kwa kutazama tu. Lakini kukosea peke yake hakumfundishi mtu. Aliyekosea asijue sababu ya kosa lake atalirudia kosa lile lile katika nguo ya pili na ya tatu, kisha atasema ya kuwa mkono wake hauna bahati. Basi kila kosa yafaa litafutiwe asili yake, kama vile mganga atafutavyo asili ya homa.

Makosa mengi huanza kabla ya mkasi kuguswa, nayo hutokana na kutokijua kitambaa. Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za namna mbili. Ziko nyuzi zilizotandwa kwanza katika kitanda cha mfumi, zikakazwa sana. Hizo huitwa mtande, nazo hufuata urefu wa kitambaa. Kisha uko uzi upitishwao kwenda na kurudi kati ya zile, yaani mshindio, nao hufuata upana. Shika kitambaa ukivute kwa urefu: hakinyumbuki ila kidogo mno. Kivute kwa upana: hunyumbuka zaidi. Sasa kishike pembe kwa pembe, ukivute kwa mshazari: hunyumbuka kama mpira, maana hapo hapana uzi hata mmoja unaovutwa moja kwa moja, bali nyuzi zote huinamiana na kulala upande.

Asiyejua habari hii hukitandika kitambaa vyo vyote, akaviweka vigezo vyake mahali penye nafasi, akakata. Siku ile nguo huonekana njema. Lakini mguu wa suruali uliokatwa upande upande, ukiisha kufuliwa mara mbili tatu, hujizungusha, na mshono wa ubavuni ukaja ukasimama mbele ya goti. Mvaaji huilaumu sabuni. Kadhalika gauni lililokatwa chini kwa duara lina sehemu zilizofuata mtande na sehemu zilizokaa kwa mshazari, na hizi za mshazari hushuka kwa uzito wake zenyewe. Mshonaji akilikunga upindo siku ile ile alipolikata, baada ya juma moja ataona upindo umepanda hapa na kushuka pale, kama mawimbi. Yafaa alitundike kwanza usiku na mchana, kitambaa kishuke kadiri kinavyotaka kushuka, ndipo apime upya kutoka chini, asawazishe na kukunga.

Kosa jingine la kutokijua kitambaa halionekani siku ya kushona, wala siku nguo ivaliwapo mara ya kwanza. Huonekana kambani, nguo ikiisha kufuliwa na kuanikwa. Gauni lililofika chini ya magoti sasa lafika juu yake, na mikono iliyofika kifundoni imeukimbia mkono. Sababu ni hii: mtande ulivutwa kwa nguvu katika kufumwa, ukakauka hali umekazwa vile vile. Ukipata maji hulegea na kurudi. Tena kila uzi wa pamba hunywa maji ukavimba, na uzi mnene wahitaji kujipinda zaidi ili kuwazunguka wenzake. Kwa hiyo kitambaa chote hujikunyata. Ndiyo maana nguo za pamba hupungua kwa urefu kuliko kwa upana. Bafta iliyotiwa dondo nyingi hudanganya zaidi, kwa kuwa dondo hulifanya kuwa gumu na zito dukani, nayo yote hutoka katika maji ya kwanza. Merikani nayo hupungua, yaani kile kitambaa kilicholetwa Unguja katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa Salem, kikabaki na jina la nchi yao.

Hata wenye viwanda walipata taabu kwa jambo hili. Mmarekani mmoja, Sanford Cluett, alitengeneza njia ya kukisukuma kitambaa kwa mashine kijirudi kwa urefu wake, makusudi kipungue kiwandani kabla hakijafika dukani. Mwenye ndoo ya maji hana haja ya mashine hiyo. Kitambaa cha pamba na kilowekwe kizima kabla ya kukatwa, kianikwe bila kuvutwa, kipigwe pasi, ndipo kipimwe. Kama kimepungua, kimepungua hali kingali kizima, wala hapana aliyepata hasara ya nguo.

Baada ya kitambaa huja hesabu, na hapa wanafunzi wengi waliozoea kupata alama njema darasani hushindwa na gauni. Msichana yule alijipima kifua akaona inchi 32. Ikiwa atagawanya kwa mbili, akakata kipande cha mbele inchi 16 na cha nyuma inchi 16, hesabu yake itakuwa sahihi na gauni lake halitavalika. Maana mshono hula kitambaa. Ukila nusu inchi katika kila ukingo, vipande viwili vina kingo 4 za ubavuni, na nusu inchi mara 4 ni inchi 2. Gauni litakuwa na inchi 30, na kifua kina 32. Tena hata inchi 32 kamili zisingetosha, kwa kuwa mtu ni kitu kilicho hai: huvuta pumzi, huinama kuokota kuni, hunyosha mikono mbele. Nguo yahitaji nafasi, tuseme inchi 4 kwa gauni la kawaida. Basi hesabu iliyo sawa ni 32, na 4 za nafasi, na 2 za mshono, jumla 38. Na kila kipande kikatwe inchi 19.

Aliyejifunza hayo kwa uchungu hujiambia ya kuwa dawa ya kila kubana ni kuongeza. Ndipo anapoingia katika shimo la pili, nalo liko shingoni. Huchora duara la shingo kadiri atakavyo liwe, akalikata, kisha akakunja ukingo nusu inchi na kuushona. Lo! Nguo yamtoka mabegani. Mshono umekula kitambaa kama ulivyokula kifuani, lakini kitambaa kikipungua kifuani nguo hubana, na kikipungua kandokando ya tundu, tundu hupanuka. Tena hupanuka kuliko mtu anavyodhani. Mkiongeza nusu inchi kwa kila upande wa duara, mzingo wake huongezeka zaidi ya inchi 3, kama mwezavyo kuhakikisha kwa bikari na uzi. Kwa hiyo tundu la shingo hukatwa dogo, dogo hata kuonekana halifai, likajaribiwa, likaongezwa kidogo kidogo. Tundu dogo laweza kukuzwa wakati wo wote, bali kubwa halipunguki ila kwa kutiwa kiraka au ukosi.

Kosa la kwapa lastahili kukaliwa zaidi, maana ndilo liwapotezalo hata watu waliokwisha shona nguo nyingi. Mtu amevaa nguo yake mpya, ainua mkono kuandika ubaoni au kutwika mtungi, na nguo nzima yapanda pamoja na mkono. Huona kwapani panabana, naye hufikiri: tundu la mkono ni dogo, na likatwe chini zaidi. Hulikata. Sasa hapabani tena akisimama mikono chini, lakini akiinua mkono nguo yapanda kuliko kwanza. Hulikata tena, na hali huzidi kuwa mbaya, hata nguo ikawa kama bawa la popo.

Asili ya kosa hili ni kwamba mkono wa nguo hushikana na kiwiliwili mahali pale pa chini ya kwapa. Pakiwa karibu na kwapa la mtu mwenyewe, mkono wake huinuka na mkono wa nguo peke yake. Pakiwa mbali chini, ubavuni, mkono hauwezi kuinuka mpaka uinue na ubavu wa nguo pia. Tundu lililo dogo na la juu, mradi lisimkate mtu, humwachia mkono huru kuliko lililo kubwa. Jambo hili halisadikiki kwa maneno. Mtu hulisadiki akiisha kuharibu nguo moja.

Mafundi wa kanzu waliijua dawa yake zamani. Kanzu, ukiifumua, ni vipande vilivyonyoka karibu vyote, kwa hiyo kitambaa hakipotei. Mbele na nyuma ni badani. Ubavuni, toka kwapani mpaka chini, ni taharizi, ambayo huipa kanzu upana wa kupigia hatua. Ukingo uliokunjwa ndani mwishoni mwa mikono ni sijafu. Tena pale mkono, badani na taharizi zikutanapo, hutiwa kipande kidogo cha pembe nne kiitwacho kikwapa. Kipande hiki hukaa kwa mshazari, pembe moja ikielekea mkononi na pembe moja ubavuni. Na kwa kuwa kitambaa hunyumbuka kwa mshazari, mtu ainuapo mkono kikwapa hufunguka kama mlango, na mkono ukishuka hujikunja pasipo kuonekana. Mwenye gauni lililokatwa mno kwapani aweza kuliponya kwa kipande kama hicho kilichookotwa katika mabaki. Mabaki basi yasitupwe kabla nguo haijavaliwa.

Yako makosa mengine ambayo hayahitaji maelezo marefu, lakini humpata karibu kila mtu mara moja. La kwanza ni kukata mikono miwili ya kushoto. Mtu huweka kigezo juu ya kitambaa, akakata, kisha akakiweka vile vile akakata tena. Na kitambaa chenye maua kina uso na mgongo, wala mkono wa kushoto hauwezi kugeuzwa kuwa wa kulia. Kitambaa na kikunjwe, uso kwa uso, vipande viwili vikatwe pamoja. Vitatoka kama mtu na sura yake katika kioo. La pili ni la kanga. Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno yake. Mtu akiikunja begani pasipo kukata, ili mbele na nyuma ziwe kipande kimoja, maneno yakisomeka sawa mbele, nyuma yatakuwa kichwa chini, na watu wamfuatao njiani watapinda shingo wapate kuyasoma. Dawa ni kuikata begani, kipande cha nyuma kigeuzwe, kisha kuunga kwa mshono. Au kuchagua kanga ambayo mtu atakubali isomwe na wenye kusimama kwa mikono!

Makosa yote yaliyotajwa, isipokuwa yale ya kutokijua kitambaa, hujionyesha mapema ikiwa mshonaji ana subira ya kupiga bandi. Bandi ni mshono wa mkono wenye hatua ndefu, hupigwa kushikiza vipande kwa muda tu. Uzi wake na uwe wa rangi nyingine, upate kuonekana wakati wa kuutoa. Nguo ikiisha kupigwa bandi huvaliwa, na mvaaji asisimame kama mlingoti. Na akae, ainame, anyoshe mikono, apande ngazi ikiwa ipo. Mahali patakapovuta patiwe alama ya chaki, nguo ivuliwe, bandi ifumuliwe hapo tu. Kazi hii huchukua saa moja, nayo ndiyo saa wanafunzi wapendayo kuiruka, kwa sababu haionekani katika nguo iliyokwisha. Wengi huirudia baadaye wakifumua mshono wa cherehani kwa saa tatu.

Cherehani nayo ina makosa yake, na moja limewatesa wengi. Mshonaji ashona, juu mshono ni mzuri, lakini akigeuza kitambaa aona chini vitanzi vya uzi vimejaa kama nyasi. Kwa kuwa vitanzi viko chini, huulaumu uzi wa chini, akaifungua bobini, yaani kile kigurudumu chenye uzi wa chini, akageuza skrubu yake huku na huku hata ikaharibika. Na kosa halikuwako huko kamwe. Lilikuwa juu.

Ili kulifahamu jambo hili yafaa kujua mshono wa cherehani unavyofanyika. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipopata hati ya mashine yake mwaka 1830, ilitumia uzi mmoja tu, na mshono wake ulikuwa mnyororo wa vitanzi, kila kitanzi kikishikwa na mwenzake. Mshono wa namna hii ungaliko midomoni mwa magunia ya unga na ya sukari: ukiujua mwisho wake ukauvuta, wote hutoka mbio. Katika gunia hiyo ni faida, katika suruali si faida. Baadaye Mmarekani Elias Howe alishika kazi ya kutengeneza mashine, na mwanzo aliuiga mkono wa mtu. Sindano yake ilikuwa na ncha pande zote mbili na tundu katikati, ipate kupita kitambaa huku na huku. Haikufaa. Kosa lake lilikuwa kudhani ya kuwa chuma chapaswa kufanya kama vidole vifanyavyo. Alipoliacha wazo hilo, aliweka tundu karibu na ncha ya sindano, akatia uzi wa pili chini ya kitambaa. Na mwaka 1845 alishona kwa mashine yake mavazi mawili ya sufu, moja lake mwenyewe na moja la George Fisher, rafiki yake aliyemsaidia kwa fedha. Mwaka 1846 alipata hati ya serikali juu ya mashine hiyo. Mmarekani mwingine, Walter Hunt, alikuwa amekwisha kulipata wazo kama hilo katika miaka ya 1830, walakini hakulikatia hati.

Katika mshono huo wa nyuzi mbili, sindano huushusha uzi wa juu, uzi wa chini ukapita ndani ya kitanzi chake, kisha kila mmoja huvuta upande wake. Zikivutana sawasawa, hukutana katikati ya unene wa kitambaa, wala fundo halionekani juu wala chini. Ni kama watoto wanaovutana kwa kamba: aliye dhaifu huburutwa kuja upande wa mwenzake. Uzi wa juu ukiwa mlegevu, wa chini huuvuta ukashuka, na vitanzi vyake hurundikana chini. Mara nyingi sababu ni ndogo sana: uzi haukupitishwa kati ya visahani viwili vinavyoubana, kwa kuwa mshonaji aliutia hali mguu wa cherehani umeshushwa, na visahani vimefumba. Inua mguu, utie uzi upya toka mwanzo, shona juu ya kipande cha mabaki. Skrubu ya bobini iache.

Inapobidi kufumua, na ifanywe kwa adabu. Nguo isishikwe pande mbili ikaraluliwa, kwa maana uzi wa mshono una nguvu kuliko uzi wa kitambaa kilicho chepesi, na kitakachoachana ni kitambaa. Upande mmoja kata hatua moja katika kila tatu au nne, kisha geuza upande wa pili uvute uzi. Utatoka mrefu, na vipande vidogo vitapanguswa kwa mkono. Matundu yaliyobaki hufifia kwa maji na pasi. Ngozi haina msamaha huo, tundu la sindano hubaki daima, na kwa hiyo fundi wa viatu huwa mwangalifu katika sindano kama mshona nguo alivyo katika mkasi.

Na ikiwa nguo imeharibika kabisa, imebana isivyotengenezeka, ingaliko faida moja kabla haijawa ya mdogo wake mshonaji au vitambaa vya kufutia meza. Fumua mishono yote. Kipige pasi kila kipande, ukilaze juu ya karatasi, hata gazeti la zamani lafaa, uchore kandokando yake. Kisha juu ya karatasi ile andika kwa penseli kila jambo ambalo mwili ulilikataa: bega lipunguzwe nusu inchi, kifua kiongezwe inchi moja kila kipande, shingo isikatwe mpaka bandi ipigwe. Karatasi hizo zikunjwe pamoja, zitiwe katika mfuko na jina la mwenyewe na tarehe, kwa kuwa mtoto hukua, na vipimo vya mwaka huu havitakuwa vya mwaka ujao.